Saratani ya Damu na Amana ya Nasaba

Aghalabu mgonjwa wa saratani ya damu, afikapo mbele ya tabibu, huulizwa habari za homa yake, za kukonda kwake, za fizi zinazovuja damu na za uchovu usiokoma hata baada ya kulala usiku kucha. Ama swali la kwamba babaye, shangazi yake au nduguye aliwahi kupatwa na maradhi ya namna hiyo, hilo huja mwisho, huulizwa kwa haraka, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba swali hilo lastahili kuwa miongoni mwa maswali ya kwanza, na kwamba jawabu lake si mali ya mgonjwa peke yake, bali ni amana ambayo ukoo mzima una haki ndani yake. Uchunguzi wa jeni uliofanywa tangu mwisho wa karne iliyopita umethibitisha kuwa ziko saratani za damu ambazo asili yake hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na kwamba kuijua asili hiyo kwaweza kumwokoa mgonjwa na nduguye aliye mzima, ilhali kutoijua kwaweza kuwadhuru wote wawili.

Kabla ya kusema juu ya urithi, yafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lukemia, iliyoelezwa na John Hughes Bennett huko Edinburgh na Rudolf Virchow huko Berlin katika mwaka mmoja wa 1845, ni saratani inayoanzia katika uloto, ile nyama laini ya ndani ya mifupa ambamo chembe za damu huzaliwa. Nayo hutokea pale chembe moja inapoharibika katika jeni zake, ikashindwa kukomaa, ikazaa nyingine zilizo mfano wake pasipo kikomo, hata zikaujaza uloto na kuzinyima nafasi chembe njema. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia walitangaza kwamba wameona, katika chembe za wagonjwa wa aina mojawapo ya lukemia sugu, kromosomu iliyo fupi isivyo kawaida. Na mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akabainisha kwamba ufupi huo watokana na kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya 9 na ya 22. Elimu hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ambayo kwayo maradhi yaliyokuwa yakiua yamekuwa, kwa wagonjwa wengi, maradhi ya kuishi nayo. Walakini badiliko hilo la kromosomu halirithiwi: humpata mtu katika uhai wake, ndani ya uloto wake tu, wala halimo katika mbegu atakayowapa wanawe. Hivyo ndivyo zilivyo saratani nyingi za damu. Ni maradhi ya jeni, lakini si maradhi ya ukoo.

Ushahidi ulio bora wa tofauti hiyo ulitoka kwa mapacha. Matabibu walikuwa wamejua kwa muda mrefu kwamba pacha mmoja wa wale wanaofanana akipatwa na lukemia angali mchanga, mwenziwe naye yumo katika hatari kubwa, na ilikuwa rahisi kudhani kuwa wote wawili wameirithi kwa wazazi. Mel Greaves na wenzake huko Uingereza walizichunguza jeni za chembe zenye saratani, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba mapacha hao walikuwa na alama moja, iliyokatika na kuungana mahali pale pale, ambayo haikuwamo katika chembe nyingine za miili yao. Maana yake ni kwamba chembe moja iliharibika katika mwili wa pacha mmoja wakiwa tumboni, na wazao wake wakavuka hadi kwa mwenziwe kwa njia ya kondo la nyuma waliloshiriki. Mwaka 1997 alama za namna hiyo zikaonekana hata katika matone ya damu ambayo watoto walitolewa walipozaliwa yakakaushwa juu ya karatasi, kabla maradhi hayajadhihiri. Wazazi wa watoto hawa hawakuwarithisha wana wao kasoro yo yote, na kila awalaumuye huwadhulumu.

Baada ya kuondoa lawama hiyo isiyo ya haki, sasa twaweza kuzikabili zile koo chache ambazo urithi ndani yake ni jambo la yakini. Mwaka 1999 wachunguzi waliozitazama familia zenye upungufu wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, walitambua kwamba wenye upungufu huo wamerithi kasoro katika jeni iitwayo RUNX1, iliyo katika kromosomu ya 21. Na sasa yajulikana kwamba kiasi cha theluthi moja hadi karibu nusu ya watu wa namna hii hupatwa na saratani ya damu katika maisha yao. Mwaka 2004 ikafuata jeni ya CEBPA, ambayo wengi mno wa wenye kasoro yake hupata lukemia kali, aghalabu wangali vijana. Mwaka 2011 ikabainishwa GATA2, ambayo mwenye kasoro yake aweza kuishi miaka mingi akisumbuliwa na chunjua zisizopona, na uvimbe wa miguu, na maambukizi ya bakteria wa jamaa ya kifua kikuu, akatibiwa kila jambo mbali mbali pasipo mtu kutambua kwamba yote yatoka katika shina moja la uloto uliodhoofika. Mwaka 2015 ikajulikana DDX41, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likazitambua saratani za uloto zenye asili ya urithi kuwa fungu maalumu katika mpango wake wa kuainisha maradhi ya damu.

Hiyo DDX41 yastahili kutafakariwa zaidi, kwa sababu yaivunja dhana iliyokita katika vitabu na katika vichwa vya matabibu, kwamba maradhi ya kurithi hujionyesha utotoni. Mwenye kasoro ya DDX41 hukua akiwa mzima, akaoa na kulea wana, na damu yake ikipimwa yaweza kuonekana njema kwa miongo kadhaa. Kisha maradhi humjia akiwa na umri wa miaka 60 au zaidi, wanaume wakipatwa kuliko wanawake, na wengi wenye kasoro hiyo hufariki kwa sababu nyingine pasipo saratani kuwagusa. Mzee wa namna hiyo alazwapo hospitali, hakuna amshukuye kwa urithi, na wanawe, ambao kila mmoja ana nusu ya uwezekano wa kuipokea kasoro ile, hurejea nyumbani wakiamini kwamba baba yao amekufa kwa uzee. Kwa hiyo ukimya wa habari za ukoo si ushahidi kwamba ukoo umesalimika. Wala, kwa upande wa pili, kuwa na kasoro si sawa na kuhukumiwa. Kwani jeni iliyorithiwa huandaa njia tu, na saratani yenyewe hungoja mabadiliko mengine yatokee katika chembe za uloto, ambayo kwa wengine hutokea na kwa wengine hayatokei kamwe.

Atauliza mtu: yafaa nini kujua? Jawabu la kwanza lamhusu yule ambaye ugonjwa wake huhitaji kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Tiba hiyo, iliyompatia E. Donnall Thomas Tuzo ya Nobel ya mwaka 1990, hutafuta mtoaji ambaye tishu zake zalingana na za mgonjwa, na mtu wa kwanza kutazamwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa kuwa kila ndugu wa namna hiyo ana robo ya uwezekano wa kulingana kikamilifu. Lakini ndugu huyo huyo, ikiwa saratani ni ya kurithi, ana nusu ya uwezekano wa kuibeba kasoro ile ile, hali aonekana mzima wa afya. Na yametokea mara kadhaa, yakaandikwa katika majarida ya tiba, kwamba mgonjwa alipewa uloto wa nduguye, akapona, kisha akapatwa na lukemia mpya iliyozaliwa katika chembe za nduguye. Mgonjwa huyo ni kama aliyetolewa katika nyumba iungulikayo akahamishiwa nyingine ambayo kaa la moto limefichwa darini. Tena mtoaji mwenyewe, aliyejitolea kwa mapenzi, hubaki hajui kwamba naye yumo hatarini. Wala kipimo cha kuyaepusha haya si kigeni, illa chahitaji uangalifu: kwa kuwa damu ya mgonjwa ndiyo yenyewe iliyojaa saratani, haiwezi kushuhudia peke yake kipi alichorithi na kipi kilichomzukia, hivyo hukatwa kipande kidogo cha ngozi, chembe zake zikaoteshwa katika maabara, na humo ndimo urithi wa kweli husomwa.

Faida ya maarifa haya ilidhihirika mapema katika maradhi aliyoyaeleza tabibu wa Uswisi, Guido Fanconi, mwaka 1927, baada ya kuwaona ndugu watatu waliopungukiwa damu. Wenye maradhi ya Fanconi hushindwa kukarabati jeni zao zinapoharibika, uloto wao hunyauka, na hatari yao ya lukemia ni kubwa mno. Na kwa sababu hiyo hiyo dawa kali na mionzi ambayo mgonjwa mwingine huistahimili huwaua wao, isipokuwa kipimo kipunguzwe sana. Tabibu asiyejua asili ya maradhi humwua mgonjwa kwa dawa iliyo sahihi. Mwaka 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mtoto mwenye maradhi haya kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga, baada ya dada huyo kupimwa angali tumboni ikathibitika kwamba hana maradhi hayo na kwamba tishu zake zalingana na za nduguye. Na huo ndio upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu uliofaulu duniani. Uchunguzi wa nasaba ulitangulia, na tiba ikafuata nyuma yake.

Wapo watu, tena watu wa hekima, watakaopinga kwa kusema kwamba sitara ni bora kuliko habari za namna hii. Kwamba ukoo ukijulikana kuwa na saratani katika damu yake, mabinti hawataposwa na vijana watakataliwa. Na kwamba kumwambia mtu mzima kuwa yumo hatarini, na huku hana la kufanya, ni kumwongezea mashaka. Hoja hii haipasi kudharauliwa, kwani fedheha huumiza watu kweli. Lakini si kweli kwamba hakuna la kufanya: mwenye kasoro ya RUNX1 huepushwa na aspirini, ambayo ingezidi kuzilemaza chembe sahani zake, na damu yake hupimwa kila mwaka, naye mwenye kasoro ya GATA2 aweza kupandikizwa uloto kabla saratani haijamwahi. Nayo sitara haivunjwi kwa kumjulisha ndugu aliye na haki ya kujua. Huvunjwa kwa kuyatangaza mambo sokoni. Hivyo sheria ya kazi hii ni idhini ya kila mtu kwa nafsi yake, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa kabla ya kipimo na baada yake, na kumwacha mtoto akue hata aweze kuamua mwenyewe iwapo kasoro ni ya namna inayodhuru uzeeni tu. Na katika pwani yetu na kwa jamaa zetu wa Oman, ambako ndoa ya mabinamu ni sunna ya wazee, na ambako maradhi yanayohitaji kasoro kutoka kwa baba na mama pamoja, mfano wa Fanconi, yana nafasi kubwa ya kukutana, ukweli huu unenwe kwa adabu, pasipo kuiaibisha desturi yenyewe. Kwani watu wetu wamekwisha kujifunza kwa selimundu kwamba wazazi wawili wazima waweza kuwa na mtoto mgonjwa, na hawakuacha kuoana.

Limebaki jambo la haki, nalo ndilo kubwa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba katika tafiti zinazolinganisha jeni za watu wengi na maradhi yao, asilimia 81 ya waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa kiasi cha asilimia 3 tu. Tabibu akipata badiliko geni katika RUNX1 ya mgonjwa wa Tanga au wa Kisumu, hulilinganisha na daftari ambamo watu wa Tanga na Kisumu hawamo, na jibu linalorudi ni kwamba maana yake haijulikani. Huenda ni sumu, huenda ni sura ya kawaida ya watu wetu. Gharama ya kutojulikana huku tumekwisha kuiona. Waafrika wengi wamerithi badiliko la jeni ya Duffy ambalo huwakinga na aina moja ya malaria na hupunguza hesabu ya chembe nyeupe fulani katika damu yao pasipo madhara. Lakini wagonjwa wa lukemia wenye badiliko hilo wamepunguziwa dawa, au wamezuiwa kuingia katika majaribio ya tiba mpya, kwa kuwa kipimo cha afya kilichukuliwa kwa watu wasio wao.

Afrika Mashariki haikuanza jana kuifunza dunia juu ya saratani za damu. Denis Burkitt aliandika mwaka 1958, kutoka Kampala, juu ya uvimbe wa taya za watoto aliowaona katika hospitali ya Mulago, na ni katika vipande vya uvimbe huo, vilivyopelekwa London kwa ndege, ambamo Epstein, Achong na Barr walikiona mwaka 1964 kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mali hiyo ilitoka kwetu ikasomwa ugenini. Tusingoje kwamba nasaba zetu nazo zisomwe ugenini, au zisisomwe kabisa. Vyuo vyetu vya tiba na vifunze kuandika shajara ya ukoo wa kila mgonjwa wa saratani ya damu hata vizazi vitatu, na hospitali zetu za rufaa na zihifadhi ngozi na damu kwa idhini ya wenyewe, chini ya sheria za nchi zetu na kwa faida ya wagonjwa wetu kwanza. Nazo familia na ziache kuuzika ugonjwa pamoja na marehemu, kwani mzee aliyefariki kwa saratani ya damu ameacha, pamoja na shamba na nyumba, habari ambayo mjukuu wake aweza kuihitaji ili aishi. Na anayeificha habari hiyo amezuia haki ya mrithi, sawasawa na afichaye wasia.