Mzimu wa Skrini: Kwa Nini Skrinseva Ilizaliwa

Wiki hii nimegundua kwamba nimeharibu kioo cha simu yangu ya majaribio, na kosa ni langu mwenyewe. Ni simu ya OLED ninayotumia kujaribu programu ninazoandika. Kwa miezi mingi ilishinda imeunganishwa kwenye tarakilishi, nikiwa nimewasha ule mpangilio unaozuia skrini isizimike inapochaji. Sasa nikifungua ukurasa mweupe naona kivuli cha vitufe vitatu vya chini, hata visipokuwepo. Hakitoki.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili nililijua tangu shule ya msingi. Kwenye maabara yetu kulikuwa na monita moja nzito yenye kisogo kirefu. Hata ikizimwa, uliweza kusoma menyu ya programu ya kujifunza kupiga chapa. Tuliiita mzimu. Basi leo tuutafute mzimu huo ulikotoka.

Mwaka wa 1897, Mjerumani Karl Ferdinand Braun, akiwa Strasbourg, alitengeneza neli ya kioo ambamo miale ya elektroni hupiga skrini iliyopakwa unga unaong'aa, yaani fosfa. Tivi na monita za karibu karne nzima iliyofuata zilijengwa juu ya wazo hilo. Tatizo ni kwamba fosfa huchoka. Sehemu inayopigwa sana huchakaa kuliko nyingine, na maandishi yakikaa palepale kwa miezi, huacha alama.

Mnamo Agosti 1981 IBM ilitoa PC yake, na mojawapo ya skrini zake ilikuwa ya kijani, yenye mistari 25 ya herufi 80. Karani aliyeshinda na fomu ileile kila siku alikuwa anaichora kwenye kioo bila kujua. Monita hiyo ilikuwa na hatari nyingine pia: programu ikiandika namba mbaya kwenye chipu ya 6845 ya kadi ya picha, iliweza kuiunguza. Ndiyo, msimbo ulivunja chuma! Hofu hiyo iliendelea hadi enzi za Linux ya miaka ya 1990, ambapo XFree86 ilikutaka uandike masafa ya monita kwa mkono, huku ukionywa kwamba ukikosea unaweza kuiharibu. Kuanzia 1994, kiwango cha VESA kiliwezesha monita kuieleza tarakilishi uwezo wake yenyewe.

Tukirudi kwa mzimu: Atari za 1979 zilikuwa zikibadilisha rangi zenyewe zikiachwa dakika chache bila kuguswa. Kwenye IBM PC, John Socha alichapisha programu yake SCRNSAVE katika jarida la Softalk, Desemba 1983. Ilifanya kazi moja tu: usipogusa kitufe kwa dakika tatu, skrini inakuwa nyeusi. Kisha mwaka wa 1989 kampuni ya Berkeley Systems ikatoa After Dark, na watu wakaanza kununua tosta zenye mabawa zinazopaa. Dawa ikawa pambo.

Mwaka wa 1993 VESA ilileta DPMS, ambayo huwezesha tarakilishi kuiamuru monita ilale. Hapo skrinseva ingestaafu. Halafu zikaja LCD, ambazo hazina fosfa ya kupigwa na elektroni. Mwanga wake hutoka kwenye taa ya nyuma, na kivuli kikitokea mara nyingi huisha. Skrinseva kwenye LCD hula umeme bure, kwa sababu taa inaendelea kuwaka.

Tukasahau somo. Kwenye OLED kila pikseli hujiwashia mwanga wake, na huzeeka kulingana na ilivyotumika. Ni udhaifu uleule wa fosfa umerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hivyo, ikiwa una skrini ya OLED:

1. Iweke ijizime baada ya dakika tano. Skrini nyeusi inashinda skrinseva yoyote.
2. Ficha mwambaa wa chini, na upunguze mwangaza. Sisi tunaoshinda na kihariri kilekile kutwa tuko hatarini zaidi.
3. Usizime monita ukutani mara tu unapomaliza kazi, kama tulivyozoea. Nyingi husawazisha pikseli zake zikiwa zimelala, na zinahitaji umeme.

Na kwa skrini yoyote ile: izime kwanza, futa kwa kitambaa laini kikavu. Ukihitaji maji, yatie kwenye kitambaa, si kwenye kioo. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia ziache dirishani.

Simu yangu bado nitaitumia. Ule mpangilio nimeuzima, ijapokuwa nimechelewa.