Kanzidata

Kanzi ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, maana yake hazina. Likaunganishwa na data, tukapata kanzidata: humo maktaba ya chuo kikuu hupanga makala, tasnifu na vitabu vya kielektroniki.

Jina zuri, ila hazina hiyo haifunguki kwa Kiswahili kila mara. Kwa mfano, wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kuna kinywe, madini ya kutengenezea betri na penseli. Mwanafunzi akitafuta “kinywe”, makala zilizoorodheshwa kwa Kiingereza pekee hazitokei. Mkutubi akiongeza neno hilo kwenye maelezo ya kila makala inayohusu madini hayo, zinajitokeza.

Kazi hiyo ifanywe pia kwa makala zinazohusu wilaya ya Nachingwea, nayo ya kusini mwa Tanzania: anayeandika “karanga” aukute mradi wa Waingereza wa kulima karanga huko, wa 1947 hadi 1951.