Mvumo wa spika ulizaliwa 2015

Ukijiundia kifaa cha mkononi cha gemu za zamani kwa Pi Zero, spika ikivuma usikimbilie kununua nyingine. Mvumo huo una historia.

Game Boy ya 1989, ambayo wengi wetu tunaiiga, ilitengeneza sauti ndani ya chipu yake yenyewe. Raspberry Pi ya 2012 ilifuata njia nyingine: ilitoa mapigo ya umeme ya kuwaka na kuzima kwa kasi mno, kisha rezista na kapasita zikayalainisha kabla ya tundu la hedifoni. Novemba 2015 ikaja Pi Zero, dola 5 tu. Tundu halikuwepo, wala vichujio vyake. Sauti ikabaki HDMI, au kwenye pini za GPIO 18 na 19 ukiziwezesha kwa config.txt.

Basi mimi hufuata historia hiyo. Kukiwa kimya kabisa, naanza na config.txt. Kukiwa na mvumo, nazima taa ya skrini. Ukipungua, tatizo ni umeme: amplifaya naivutia waya zake, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka kwenye umeme wa betri. Usipopungua, narudisha rezista na kapasita zilizoachwa. Ama naweka MAX98357A, ambayo hupokea namba kwa I2S na kutengeneza sauti yenyewe.

Kilichopunguzwa kwenye bei ya Pi Zero tunakilipa kwa kulehemu. Hata hivyo ni nafuu kuliko spika ya tatu, sivyo?