Malaria Zanzibar: adui anayerudi akisahauliwa

Visiwa vya Unguja na Pemba vimekaribia kuishinda malaria zaidi ya mara moja katika kipindi cha miaka 70 hivi. Makala yetu ya historia leo inaangalia kwa nini ugonjwa huo ulirudi, na historia hiyo inawahusu vipi Waswahili waishio ughaibuni.

Kwa karne nyingi, mpenzi msikilizaji, wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba malaria hutokana na hewa chafu ya mabwawa. Jina lenyewe, lenye asili ya Kitaliano, lina maana ya hewa mbaya. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea katika damu ya mgonjwa nchini Algeria. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi India, aliviona ndani ya tumbo la mbu. Mwaka uliofuata wataalamu wa Italia, akiwemo Giovanni Battista Grassi, walithibitisha kwamba anayemwambukiza binadamu ni mbu wa aina ya anofelesi.

Mbu huyo, ambaye ni jike, hazaliwi na malaria. Huipata kwa kumwuma mtu mwenye vimelea, na vimelea hivyo huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa kawaida mbu wengi wakishashiba damu hutua ukutani kupumzika. Ukuta ukiwa na dawa, mbu hufa kabla siku hizo hazijatimia, na mnyororo wa maambukizi hukatika.

Ni kwa hoja hiyo ambapo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilianzisha mwaka 1955 kampeni ya kuitokomeza malaria duniani. Zanzibar iliingia katika juhudi hizo mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanyunyizaji walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na dawa, ikiwemo DDT, na idadi ya watu wenye vimelea ikashuka mno, hasa kisiwani Pemba.

Hata hivyo, mradi ulimalizika mwaka 1968 kabla ya vimelea kutoweka. Watu wachache waliobaki navyo walitosha kuuwasha moto upya. Baya zaidi, watoto waliozaliwa katika miaka ya nafuu hawakuwa na kinga ambayo mwili huijenga kwa kuugua mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 malaria ilikuwa imerejea kwa kishindo. Unyunyizaji ulirudiwa katika miaka ya 1980, lakini mafanikio yake hayakudumu. Wakati huohuo vimelea vilikuwa vikijenga usugu dhidi ya klorokwini, dawa iliyotegemewa na kila zahanati.

Sura mpya ilifunguliwa mwaka 2003, Zanzibar ilipoanza kutoa dawa mseto bila malipo. Mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa na unyunyizaji mpya wa kuta, kwa msaada mkubwa wa Marekani. Utafiti katika wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ulionyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2005 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za wagonjwa kila wiki kwa simu ya mkononi, ili mlipuko ugunduliwe mapema. Maambukizi yalishuka chini ya asilimia moja.

Lakini adui naye hakulala. Mbu wanaouma nje ya nyumba, ambako chandarua hakifiki, wamechukua nafasi kubwa zaidi, na vimelea huendelea kuletwa na wasafiri kutoka bara. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 idadi ya wagonjwa visiwani ilipanda ghafla. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake mingi ya nje, ikiwemo ya kupambana na malaria. Waliokuwapo mwaka 1968 wanajua maana ya mradi kukatika njiani.

Historia hii inamgusa pia Mzanzibari aliyeko Muscat, Dubai au London. Kinga aliyoipata utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita nje ya eneo la malaria, na mtoto wake aliyezaliwa huko hana kinga hiyo kabisa. Anayekwenda nyumbani kwa Sikukuu ya Idi amwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, alale ndani ya chandarua, na akipata homa safarini au hata wiki kadhaa baada ya kurejea, apimwe damu bila kuchelewa na amweleze daktari alikotoka.

Ukiona vyaelea, walisema wahenga, vimeundwa. Na chombo kilichoundwa huhitaji kukalafatiwa kila msimu, hata kama bahari imetulia.