Katuni za zamani: Thamani ya chapa ya kwanza na chapa za baadaye

Mnunuzi wa mitumba katika Soko la Kiboriloni, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Himo, hujifunza mapema kutofautisha nguo ya daraja la kwanza na ya daraja la pili kabla ya kutoa fedha mfukoni. Jicho la namna hiyo ndilo linalohitajika kwa mtu aliyekuta gazeti la katuni la zamani katika sanduku la nyumbani au kwa muuza vitabu vilivyotumika.

Maneno mawili huchanganywa mara kwa mara. Toleo ni namba ya gazeti katika mfululizo wake. Chapa ni kila safari ambayo mitambo huendeshwa ili kutoa nakala za toleo hilo. Kwa hiyo, toleo namba 1 laweza kuwa na chapa ya kwanza, ya pili hata ya tano. Michoro na hadithi ni zilezile, lakini bei kwa wakusanyaji hutofautiana sana.

Mfano unaojulikana zaidi ni Action Comics namba 1 la Marekani, lililomleta Superman mwaka 1938 na kuuzwa kwa senti 10. Inakadiriwa kuwa zilichapwa nakala 200,000, na zilizosalia ni kama 100 tu. Watoto waliyasoma na kuyatupa, na karatasi nyingi zilikusanywa kutumika tena wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi Aprili 2024, nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Mwaka 1974, kampuni ya DC ilichapa upya gazeti hilo katika umbo kubwa, likiwa na jalada jingine la nje. Baadhi ya watu waliling'oa jalada hilo ili lililo ndani lionekane kama la 1938. Hata hivyo, rula pekee hufichua hila hiyo, kwa kuwa chapa ya 1974 ni kubwa kuliko gazeti la awali, na bei yake haikaribii hata kidogo.

Dalili za kutambua chapa hupatikana kwenye gazeti lenyewe. Kwanza ni maandishi madogo ya mchapishaji katika kurasa za mwanzo, ambako chapa ya pili kwa kawaida hutajwa. Pili ni bei na tarehe. Tatu, katuni za Marekani za miaka ya karibuni huwa na tarakimu tano kando ya alama ya mistari inayosomwa na mashine za madukani: tatu za mwanzo ni toleo, ya nne ni jalada na ya tano ni chapa. Hivyo 00111 ni chapa ya kwanza ya toleo namba 1, na 00112 ni ya pili.

Chapa ya kwanza haishindi nyakati zote. Chapa ya baadaye iliyotolewa kwa nakala chache yaweza kutafutwa zaidi. Aidha, hali ya nakala huamua mengi: jalada lililochanika, kurasa zilizopungua au unyevu hushusha bei hata ya chapa ya kwanza.

Nchini Tanzania suala hili lina sura nyingine. Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo ya 1965, alianzisha gazeti la Film Tanzania lililosimulia hadithi kwa picha za kamera. Katika miaka ya 1980 liliwika gazeti la Sani, lililopata jina lake kutoka kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambalo wasomaji wanalikumbuka kwa wahusika kama Madenge, Kipepe, Lodilofa na Ndumilakuwili.

Magazeti ya aina hiyo kwa kawaida hayarudiwi kuchapwa. Chapa ya kwanza ndiyo ya mwisho. Nakala moja ilipita mikono ya mtaa mzima, kisha ikaishia kufungia karanga.

Vitabu vimekuwa na bahati zaidi. Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, cha Petro Itosi Marealle, kilichapwa Nairobi mwaka 1947, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakitoa upya mwaka 2002. Mkusanyaji atatafuta chapa ya 1947, lakini msomaji anayetaka maarifa tu hapotezi kitu kwa kununua ya 2002. Kwa katuni ambayo haikuchapwa tena, msomaji hana pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo, mwenye nakala za zamani anashauriwa kutozipima kwa kilo pamoja na karatasi chakavu. Zitunzwe mahali pakavu pasipo na jua, zilazwe juu ya kitu bapa, na zisizibwe kwa gundi ya plastiki, ambayo huacha madoa yasiyotoka. Katika miteremko ya Kilimanjaro, unyevu wa masika ni adui mkubwa kama mchwa.

Hata nakala iliyopoteza jalada isitupwe haraka. Mkusanyaji aweza kuikataa, lakini huenda kurasa zake zikawa ndizo pekee zilizosalia za toleo hilo.