Kuchanganya na kulehemu

Kwa anayempelekea sonara wa Bukoba au Muleba pete ya zamani ili iongezewe dhahabu nyekundu na nyeupe, ni rahisi kusema: “Nichanganyie.” Naona kitenzi hicho hakifai hapo. Dhahabu tupu, ya karati 24, ni ya njano. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na robo iliyobaki ndiyo huamua rangi: shaba nyingi huifanya nyekundu, paladi au nikeli huifanya nyeupe. Huko ndiko kuchanganya, metali moja kuyeyukia ndani ya nyingine. Wahunzi wa Kihaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, walikuwa na kazi ya jamii hiyo: watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, katika utafiti uliochapishwa 1978, walieleza jinsi tanuri zao zilivyotia kaboni katika chuma kikawa chuma cha pua. Pete ya rangi tatu ni kinyume chake. Kila dhahabu hubaki na rangi yake, ikishikanishwa kwa lehemu, ambayo huyeyuka kwa joto dogo kuliko vipande vinavyoungwa. Kitenzi tunacho: kulehemu.

Atasema mtu kwamba hata kitenge husemwa kina rangi mchanganyiko, na hakuna anayepotea. Kweli, lakini kitenge hakipiti motoni. Sonara akilitii neno kama lilivyo, akayeyusha vyote pamoja, itatoka pete ya rangi moja, na ile ya zamani haitapatikana tena. Fundi mzuri atauliza kwanza, sawa. Hata hivyo mwenye pete anastahili kuagiza kwa uhakika: ilehemu, usiiyeyushe.