Koti la Rockville, Dripu ya Beni

Oktoba 11, 1988, umati wa waandamanaji uliyazingira makao ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) huko Rockville, Maryland. Alikuwamo msanii David Wojnarowicz, mgongoni mwa koti lake pembetatu ya waridi na maneno ya wosia: akifa kwa UKIMWI asizikwe, mwili wake ukabwagwe kwenye ngazi za FDA. Alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 37.

Hasira ile ilikuwa na chimbuko. Dawa ya thalidomaidi ilikuwa imesababisha maelfu ya watoto, hasa Ulaya, kuzaliwa na viungo pungufu, ndipo sheria ya Marekani ya 1962 ikazitaka kampuni zisiishie kuonyesha kwamba dawa ni salama, bali zithibitishe pia kwamba inatibu. Sheria njema kabisa. Lakini uthibitisho huo huchukua miaka, na mgonjwa wa UKIMWI wa wakati ule alikuwa akihesabu miezi. Dawa ya virusi vya UKIMWI iliyokuwa na kibali ilikuwa moja tu, AZT, tangu Machi 1987.

Kelele zilisaidia. Kuanzia 1989, dawa ya ddI iligawiwa kwa maelfu ya wagonjwa huku majaribio yake yakiendelea.

Wenye saratani nao wakadai, safari hii mahakamani. Baba aliyefiwa na binti yake wa miaka 21 mwaka 2001, baada ya kukosa dawa iliyokuwa bado inajaribiwa, aliunda chama kikaishtaki FDA. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa mjini Washington ikaamua kwamba katiba haimpi mgonjwa haki ya kupata dawa ambayo bado inajaribiwa. Basi madai yakahamia kwenye mabunge ya majimbo. Colorado ikatangulia Mei 2014, mengine yakafuata, hata Mei 30, 2018 Rais Donald Trump akatia saini sheria ya nchi nzima ya Haki ya Kujaribu.

Jina linatia moyo. Masharti yake: dawa iwe imevuka hatua ya kwanza ya majaribio, na mgonjwa awe amemaliza tiba zote zenye kibali na hana nafasi ya kuingia kwenye majaribio. Hapo ruhusa ya FDA haihitajiki tena. Ila FDA haikuwa kizuizi wakati huo. Maombi yaliyoifikia ilikuwa ikiyakubali karibu yote, zaidi ya asilimia 99. Dawa iko mikononi mwa kampuni, na sheria hii hailazimishi kampuni kutoa hata kidonge kimoja, wala bima kulipa hata senti. Kumwambia mtu anayekufa kwamba ana haki, kisha ukamwacha abishe mlango ambao hakuna anayewajibika kuufungua, naona ni kumwongezea uchungu.

Agosti mwaka huohuo wa 2018, Ebola ikatangazwa Kivu Kaskazini, Kongo. Beni, mji ambako jamaa huulizia hali ya mgonjwa kwa Kiswahili na Kinande, baadhi ya wagonjwa walilazwa kwenye vyumba vya plastiki angavu, na ndugu wakisimama nje waliweza kumwona mtu wao akitundikiwa dripu. Mojawapo ya dawa zilizotundikwa ilikuwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Haikuwa na kibali popote duniani. Ilitolewa kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani: kamati ya maadili ya Kongo iliupitia, ridhaa iliombwa, na hali ya mgonjwa ilifuatiliwa na kuandikwa. Hapa mgonjwa hakuwa na mlango wa kubisha. Dawa ilikuwa imeshafika kitandani.

Novemba likaanza jaribio kamili, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake: dawa nne, wagonjwa 681, kila mmoja akipangiwa dawa yake kwa kura. Agosti 2019 likasimamishwa kabla ya wakati, kwani jibu lilikuwa limeshaonekana. Kati ya waliopewa mAb114 au REGN-EB3, takriban theluthi moja walifariki. Kati ya waliopewa ZMapp, nusu.

ZMapp ndiyo dawa iliyoliliwa Afrika Magharibi mwaka 2014, vichupa vyake vikiwa vya kuhesabika. Bila mafaili ya jaribio hilo, huenda hadi leo mgonjwa wa Ebola angeililia hiyohiyo.